Mgeni wa Nyumba ya Saba

Fundi saa alipopiga simu nyumba ya saba ya wageni kuulizia vitanda, mwenye nyumba alimjibu kwamba mkewe na mtoto wameondoka asubuhi ile.

Fundi saa akacheka. Mkewe alikuwa jikoni anamenya viazi, na binti yao wa miaka kumi na miwili, waliyemwita Kengele kwa vile hakupita kona bila kupiga kengele ya baiskeli, alikuwa ukumbini anajaza magurudumu upepo. Akamwambia mwenye nyumba, mjane aliyemfahamu tangu mwaka jana, kwamba bila shaka amechanganya wageni.

"Labda," mjane akasema. "Lakini yule mama alitaja kazi yako, akataja na mtaa wako. Na yule mtoto, baba, mpelekeni hospitali. Shuka zangu zimejaa ngozi."

Safari yenyewe ilikuwa ya baiskeli, ya wiki moja. Baridi ilikuwa imekwisha na miti imeanza kuchipua, na fundi saa, mtu asiyelala mpaka kila jino la gurudumu likae mahali pake, alikuwa ametandaza ramani juu ya meza ya chakula kwa siku nyingi, hata familia ikawa inakula sahani zikiwa mapajani. Nyumba saba za wageni, kilomita hamsini hivi kwa siku. Mwaka jana alikwenda na shemeji yake, kaka wa mkewe. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Kengele, aliyeahidiwa safari hiyo tangu miguu yake haijafikia pedali.

Kesho yake alipiga nyumba ya sita. Wamelala hapa, akaambiwa. Mama kajitanda mpaka machoni, mtoto kaviringishwa shuka mbichi. Chumba kinanuka nywele zilizoungua, wamefungua madirisha na harufu haitoki. Mama hakuuliza chochote ila njia ya kwenda nyumba ya tano. Siku ya tatu akapiga nyumba ya tano, na kabla hajajitambulisha mwenye nyumba akamuuliza kama yeye ndiye yule fundi saa.

Akaweka kidole kwenye ramani. Saba, sita, tano. Walikuwa wanaifuata safari yake kinyume, nyumba kwa nyumba, na baada ya nyumba ya kwanza hapakuwa na nyumba nyingine ila yake.

Alimwita shemeji yake, wakajifungia chumbani. Shemeji ndiye aliyekumbuka, au ndiye aliyethubutu kusema. Jioni ya mwisho ya mwaka jana, nyuma ya nyumba ya saba, fundi saa alichemsha maji ya kuoshea mnyororo wa baiskeli uliojaa grisi. Alipomaliza aliyamwaga yangali yanatokota, ndani ya shimo lililokuwa chini ya ukuta. Kikatoka kilio chembamba, kama cha paka mchanga. Shemeji akamwambia kwamba maji ya moto hayamwagwi hivyo, mtu hutangaza kwanza ili wasioonekana wapishe. Naye akajibu, na wote wawili wakacheka, kwamba hajawahi kuwapigia panya hodi.

"Hakuwa panya yule," shemeji akanong'ona.

"Sasa unaniambia?"

"Siku ile nilikuambia. Ulikuwa na haraka ya kula."

Siku hiyohiyo fundi saa alivunja safari. Alipiga simu nyumba zote, moja baada ya nyingine, na wenye nyumba wakamwelewa. Ni mjane wa nyumba ya saba tu aliyekuwa na la kuongeza. Tangu mwaka jana, akasema, kila jua likichwa alikuwa akisikia nyuma ya ukuta mama anabembeleza mtoto. Sasa kumekuwa kimya. "Wewe umevunja safari," akamwambia. "Yeye hajavunja."

Kengele alinuna, akasema baba yake ni kigeugeu. Fundi saa alimkataza kutoka nje, akahamishia kazi zake nyumbani, na siku zile alizoketi dirishani na saa za watu mikononi, hana hata moja aliyoitengeneza ikatembea, alikuwa akihesabu nyumba moyoni, ya nne, ya tatu, ya pili, na kila hesabu iliposogea harufu ilisogea nayo, kwanza kwenye pazia, kisha kwenye mkate, kisha kwenye nywele za binti yake alipomwinamia kumbusu, harufu ya kitu kichanga kilichoungua, mpaka alfajiri ya siku ya saba akaona heri kumfuata adui kuliko kumngoja, akapanda baiskeli bila kuaga.

Alifika nyumba ya kwanza saa nne asubuhi. Jua lilikuwa kali na mlango wa chumba cha kulia uko wazi. Mama alikuwa ameketi meza ya pembeni, mgongo umenyooka, kitu kilichoviringishwa shuka mapajani. Wageni wengine walikuwa wamehamia upande wa pili bila kujua kwa nini. Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai ambacho hakikuguswa, na uso wa chai ile ulikuwa ukichemka.

"Keti," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na ubaya wake ulikuwa hapo.

Fundi saa akaketi. Alimwambia anajua alichofanya, hakuja kujitetea. Alitandaza mikono yake juu ya meza, mikono iliyokuwa ikimlisha yeye na familia yake, akamwomba aichukue, aichome akitaka, amwachie mtoto.

"Mikono yako nitaifanyia nini? Mwaka mzima nimeuguza kwa mikono yangu." Akafunua pembe ya shuka, akafunika. Fundi saa aliona kidogo tu, na kidogo kile kilimtosha. "Alikuwa amekaa pale anacheza. Hukumwona?"

"Sikumwona, mama. Naapa. Ningemwona nisingemwaga."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma saa ya mbali.

"Nakusadiki," akasema. "Mwanangu hukumwona. Basi na wako asikuone."

Akainuka, akambeba mtoto wake begani, akatoka. Nje hapakuwa na mtu barabarani.

Fundi saa alirudi nyumbani mbio, analia kwa furaha njia nzima, kwa kuwa hakuwa ameelewa. Mkewe alimpokea mlangoni, akamkumbatia, akamgombeza. Kengele alikuwa ukumbini.

"Mama, unaongea na nani?" akauliza.

Mambo yakawa hivyo. Baba akimwita, mtoto alisikia upepo sikioni. Akinyanyua kikombe, mtoto aliona kikombe kinapaa. Jioni ya pili alimpapasa kichwani, kama alivyozoea, na Kengele akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mama yake alimweleza, akambembeleza, akaapa kwamba yule ni baba yake yuko pale kitini. Mtoto alitazama kiti kitupu kinachotoa milio na akaanza kumwogopa hata mama. Chakula hakikupita kooni. Usingizi ukamkimbia.

"Baba amekufa njiani," alikuwa akisema, "na kitu kingine kimekuja mahali pake."

Siku ya tisa tangu arudi, mkewe alimleta mganga, mwanamke wa makamo aliyeshona mapazia mchana na kusomea watu dua jioni. Mganga aliingia, akamwona fundi saa, akamsalimu, kisha akamvuta mke pembeni.

"Ni huyu?"

"Ndiye."

"Huyu si mumeo?"

"Ni mume wangu."

"Mimi huwatoa wasiotakiwa, dada. Huyu anatakiwa."

Mke alimtazama Kengele, aliyejikunja kona na blanketi mdomoni, mashavu yamebonyea. Hakumtazama mumewe.

"Hata mimi namtaka," akasema. "Lakini mtoto anakwisha."

Mganga hakufukiza chochote. Alisoma dua fupi kwa sauti ili mtoto asikie, kisha akakigeukia kiti.

"Tafadhali, baba," akasema polepole. "Pita mlangoni, taratibu. Mwache aone mlango umefunguka na umefungwa."

Fundi saa akasimama. Alipita karibu na binti yake kwa upana wa kiganja, hakumgusa. Akafungua mlango, akaufunga.

Chini ya dirisha alisimama kusikiliza. Kulikuwa kimya, kisha kijiko kikagonga sahani, mara moja, mara mbili, haraka haraka.

"Kimeondoka," Kengele akasema ndani, mdomo umejaa, na kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa akacheka.