Jina la Tisa Kwenye Seva

Kompyuta ya karani ilianza kuhema asubuhi, kweupe kabisa. Kila alipofungua folda za pamoja, zile zinazotumiwa na ofisi nzima kupitia mtandao, prosesa ilipanda hadi asilimia mia, feni ikavuma, na kwenye matundu yake ikatoka harufu ya marashi ya waridi.

"Kaka fundi, njoo," karani alinong'ona. "Nikifungua zangu, kimya. Nikifungua za pamoja, hivi!"

Fundi alikuwa mgane wa miezi saba, anayekula chakula cha mchana akiutazama ukuta. Alisaka virusi, akabadilisha waya. Wapi! Mwisho akafungua orodha ya waliomo kwenye seva. Ofisi ilikuwa na watu wanane. Majina yalikuwa tisa, na la tisa lilikuwa la marehemu mkewe, aliyekuwa mtunza kumbukumbu hapohapo.

"Si ulisema umeifunga akaunti yake?"

"Nilishindwa, dada. Niliona kama namzika mara ya pili."

"Nyumba ikikaa tupu huingia wapangaji wasiopiga hodi. Huyo si yeye. Mtoe!"

Folda ya mkewe ndimo wanandoa hao walimokuwa wakiachiana vijibarua, maana simu zilikatazwa kazini: *Mzee wangu, usisahau dawa. Mzee wangu, leo tutoke mapema.* Sasa vilikuwa vikifunguka na kujifunga vyenyewe, kimoja baada ya kingine, haraka na haraka zaidi, kama mtu anayepekua kabati la mwenzake, huku feni ikilia na marashi yakiwakaba koo, mpaka kikatokea kipya, cha leo, cha dakika ileile: *Mbona hunijibu, fundi?*

"Mke wangu hakuwahi kuniita fundi," alisema.

Akafuta folda nzima, vijibarua vyote, akaifunga akaunti. Feni ikatulia. Karani alishukuru hadi machozi. Fundi naye alilia, ila si kwa shukrani.

Jioni alifungua mlango wa kwake. Kompyuta yake kuukuu, isiyo na mtandao wowote, ilikuwa ikivuma mezani, na sebule nzima ilinukia waridi. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na maneno mawili: *Hodi, fundi.*

Alijua si yeye. Alijua vizuri kabisa. Lakini tangu matanga yaishe, hakuna mtu aliyekuwa amebisha pale.

Akavuta kiti, akaketi.

"Karibu," alisema.