Skrubu Katika Taya la Mama

Kule kliniki walimwita Macho, na si kwa ukubwa wa macho yake. Hakuna kilichompita. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za eksirei za meno, na kila aliyepandikizwa jino bandia alirudi kwake mara moja kwa mwaka ili ionekane kama mfupa bado umeishika barabara ile skrubu iliyofukiwa ndani ya taya. Mfupa ukipungua, mizunguko ya skrubu huanza kuchungulia nje, mmoja baada ya mwingine, na Macho huihesabu.

Alikuwa na mazoea ambayo wenzake waliyacheka. Mgonjwa akishang'ata kishikio cha plastiki, Macho alitoka, akasimama nyuma ya kioo na kuuliza, "Tayari?" Nani angejibu na plastiki mdomoni? Aliuliza hivyo hivyo miaka tisa, na miaka tisa hakujibiwa.

Siku mama yake alipokalia kile kiti kwa picha yake ya mwaka, akajibiwa.

"Tayari," ilisema sauti, nzito kidogo, na Macho akabonyeza kitufe kabla akili haijafika. Aliporudi ndani, mama yake alikuwa bado amekibana kishikio kwa meno. Chumba kilinuka jino linalochongwa, na tangu asubuhi hakuna aliyewasha mashine ya kuchongea.

Picha ilionyesha mizunguko mitatu nje ya mfupa. Mwaka uliotangulia haukuwapo hata mmoja.

Daktari wa meno alisema ni uchafu tu, mama hapigi mswaki vizuri. Lakini ufizi ulikuwa mzima, hauna uvimbe wala usaha. Macho akamshuku daktari: huenda aliipanda skrubu vibaya, sasa anamsingizia mama wa watu. Kisha akamshuku mama mwenyewe, maana alipoambiwa mfupa wake unaliwa hakushtuka. Aliuliza tu umebaki kiasi gani.

Wakakubaliana picha ziwe za kila mwezi. Mitatu ikawa mitano. Maradhi ya kawaida hula mfupa kwa kuuzunguka, ukabaki umebonyea kama bakuli, lakini ukingo wa mfupa huu ulikuwa na vidato vidogo vilivyopangana vizuri kama alama za meno. Mama mfagizi, aliyekuwa akipiga deki pale, aliitupia picha jicho moja akakusanya ndoo yake. Alinong'ona kwamba mfupa ni chakula cha majini, na kwamba yeye chumba kile hafagii tena.

Mwezi uliofuata Macho aliuliza "Tayari?" na mkono wake hakuupeleka kwenye kitufe, akasimama tu na roho mkononi, akimtazama mama yake kupitia kioo, na sauti ikajibu, na midomo ya mama haikutikisika hata kidogo, ila shavu lake, upande ule wa skrubu, lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka, taratibu, bila haraka, kwa raha ya mtu aliyekaa mezani kwake, huku mama amefumba macho na machozi yakimtiririka hadi shingoni.

Macho hakutafuta mganga. Mganga wake alikuwa na koleo. Alimwambia daktari aing'oe ile skrubu, iondoke na mgeni wake.

Mama akakataa katakata. Mfupa ni wake, alisema, waiache hapo ilipo. Macho akambembeleza, akamnunia, mwishowe akalia, na mama ambaye hajawahi kuyaweza machozi ya mwanawe akapanda kitini.

Skrubu ilitoka bila ubishi. Harufu ikakatika. Macho alipiga picha ya mwisho, akauliza, akasikia kimya kitupu, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu miezi ile ianze. Akamshika mama mkono, wakatoka hadi ukumbini.

Mama alikuwa analia.

"Siku ile ya kwanza lile jini halikunijibia mimi," alinong'ona, pamba ikiwa bado mdomoni. "Lilikujibu wewe, mwanangu. Miaka tisa unaliita. Lilikuja kukufuata, nikaliomba moyoni likale mfupa wangu, likuache wewe. Likakubali. Lilikuwa limejifunga kwenye kile chuma."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ungekubali?"

Macho alitaka kujibu, lakini ulimi wake ulikuwa umeshafika kwenye gego la nyuma, gego zima lisilowahi kumsumbua tangu liote, nalo likasogea. Mama alimwona uso unavyobadilika. Akalishika taya la mwanawe kwa mikono yote miwili, pale pale mbele ya watu, akaanza kuliomba lile jini upya.