Hodi ya Tatu

Kibogoyo alikuwa na miaka saba na pengo la meno mawili mbele, kwa hiyo kila alipotamka s ulitoka upepo mtupu. Mama yake, fundi sauti, alilijua pengo hilo kuliko mtu yeyote, maana haikupita siku bila kumtania nalo. Ndiyo maana asubuhi ile, alipokuwa peke yake studio akisikiliza kazi waliyorekodi jana, alisimamisha mashine na kuirudisha nyuma mara nne.

"Mama, nifungulie," ilisema sauti kwenye spika. "Sasa mimi ni mtoto msikivu."

Kila s ilikuwa imenyooka. Mtoto aliyekuwa akisema alikuwa na meno yote.

Alijiambia ni mashine. Fundi akikosa maelezo, lawama huiangukia mashine, nayo haina mdomo wa kujitetea.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kutisha, habari za mtoto aliyefia kisimani akarudi nyumbani kubisha hodi, na kila aliyemfungulia hakuiona kesho. Watu hulipa viingilio ili watishwe na vitoto vya namna hiyo, kisha wanalala taa zikiwaka, na fundi alikuwa akiwacheka. Mtoto aliyeigiza alikuwa na macho ya kuogofya lakini sauti ya kuku mwenye mafua, ikabidi aingiziwe sauti ya mwingine.

Kwa desturi kazi hiyo ilikuwa ya Bi Chiriku. Mama huyo mtu mzima alikuwa ametoa sauti za watoto wa mizimu kwa miaka thelathini, na alikuwa na masharti mawili ambayo vijana wa studio waliyafanyia mzaha: mtoto wa kweli asitumiwe, na mzimu unapobisha hodi, yeyote asiujibu. Maneno ya mama wa kwenye filamu yalirekodiwa siku nyingine, kisha yakaunganishwa. Lakini Bi Chiriku alikuwa amestaafu, tarehe ya kuonyesha filamu ilikuwa imekaribia, na fundi alijiona mjanja. Alimchukua mwanawe. Na kwa kuwa mtoto alitamka maneno yake kama anayesoma ubaoni, fundi aliketi upande wa pili wa kioo akajifanya yeye ndiye mama wa kwenye filamu, ili mtoto apate hisia.

"Mama, nifungulie," alisema Kibogoyo.

"Ingia, mwanangu," akajibu fundi, kwa mapenzi yote.

Walirudia mara tatu. Ya tatu ilikuwa nzuri kuliko zote.

Siku mbili baadaye sauti ilimkauka Kibogoyo. Siku ya nne hakuweza hata kunong'ona. Daktari alimmulika kooni akasema koo ni zima kabisa. Huko studio, sauti ya kwenye mashine ilizidi kunawiri. Ilisema maneno ambayo mtoto hakuwahi kuyarekodi, ilicheka mahali ambapo hapakuwa na kicheko, na kila mashine ilipowashwa, chumba kile kisicho na dirisha kilinuka tope la kisima, tope baridi lililofunika kitu kilichooza. Mtayarishaji wa filamu alifurahi mno. Alisema mtoto ana kipaji, na fundi akaogopa kumwambia kwamba mtoto hajasema neno tangu juzi.

Siku ya sita, saa saba mchana, jua likiwa utosini na majirani wakiwa kazini, fundi alikuwa mezani akimlisha mwanawe, akimtazama anavyotafuna huku mdomo umefungwa, ndipo hodi ikapigwa mlango wa nyuma, taratibu, chini kabisa, pale mkono wa mtoto unapofika, na harufu ya tope ikapenya chini ya mlango ikaenea sakafuni hadi miguuni mwao, na Kibogoyo akaacha kutafuna akamkodolea macho mama yake, maana sauti iliyokuwa ikiita kule nje ilikuwa yake mwenyewe.

"Mama, nifungulie. Si ulisema niingie?"

Fundi alimbeba mtoto akatokea mlango wa mbele, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna, na hakusimama hadi kwa Bi Chiriku.

Bi Chiriku alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza swali moja tu: fundi aliijibu hodi ile mara ngapi. Aliposikia ni tatu, alifumba macho. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba huyo ni jini asiye na mama, huzunguka kwenye maneno kama yale akingoja wa kumpokea. Ruhusa ameshapewa. Sauti ya mtoto ameshaichukua, na mwili utafuata.

"Nimtoeje, bibi?"

"Ulimkaribisha mara tatu, mkatae mara tatu. Palepale, kwa kinywa kilekile. Akibisha, mwambie wewe si mama yake. Kila ukimkataa, mwanao atarudishiwa sauti kidogo. Lakini nisikilize vizuri. Mara ya mwisho atakuja na kilio cha Kibogoyo mwenyewe, na pengo lake lilelile. Usilegee, mwanangu. Ukilegea, humpati tena."

Walikwenda studio alasiri hiyohiyo. Bi Chiriku alibaki ukumbini akimshika Kibogoyo mkono. Fundi aliingia peke yake, akafunga mlango mzito, akawasha mashine na kipaza sauti. Kazi aliyoifanya miaka kumi na miwili, siku hiyo aliifanya kama mwanagenzi, akasahau jambo ambalo hata mwanagenzi hulikumbuka: kuzima spika ya ukumbini. Kila alilosema mle ndani lilikuwa likisikika kule nje.

Hodi ya kwanza ilitoka ukutani.

"Mama, nifungulie."

"Mimi si mama yako."

Harufu ya tope ilimjaa puani hadi machozi yakamtoka. Hodi ya pili ilitoka chini ya meza, karibu na magoti yake, na vidole vidogo vya baridi vikamshika kifundo cha mguu.

"Huku kuna baridi, mama. Wewe ndiye uliyeniita."

"Sikukuita," alisema fundi. "Mimi si mama yako. Ondoka."

Vidole vikamwachia. Fundi akafumba macho, akang'ang'ania ukingo wa meza, akajiambia imebaki moja, moja tu, na baada ya hiyo atambeba mwanawe warudi nyumbani, na alikuwa bado akijiambia hivyo aliposikia miguu midogo ikija mbio, ikisimama, kisha mlango ukapigwa kwa ngumi mbili, haraka haraka, bila adabu yoyote ya hodi.

"Mama, nifungulie. Mbona unathema wewe thi mama yangu? Nimekothea nini?"

Lilikuwa pengo lilelile. Kilikuwa kilio kilekile alichokinyamazisha kwa miaka saba. Mwili mzima wa fundi ulitaka kwenda mlangoni, na ni kwa sababu ulitaka hivyo ndipo alipokumbuka alivyoonywa. Akakusanya nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Mimi si mama yako. Sikujui. Nenda zako, usirudi kwangu kamwe."

Kilio kikakatika ghafla.

Kisha akamsikia Bi Chiriku nje ya mlango, akihema.

"Fungua, mwanangu. Amenichomoka mkononi. Alikusikia kwenye spika, akadhani unamfukuza yeye. Huyo hakuwa jini."

Fundi alifungua. Kibogoyo alikuwa amesimama palepale, machozi hayajamkauka, lakini uso umetulia. Fundi akapiga magoti na kumnyooshea mikono. Mtoto alirudi nyuma hatua moja, akashika nguo ya Bi Chiriku, akamtazama vile watoto wanavyomtazama mgeni.

"Shikamoo," alisema kwa adabu. "Umemwona mama yangu?"

Bi Chiriku aligeuza uso. Maneno yakamtoka fundi kabla hajayafikiria.

"Mwanangu, mimi hapa. Mimi ndiye mama yako."

Nyuma yake, ndani ya chumba kisicho na mtu, mtoto akaitika.

"Abee, mama. Naja."