Bibi Harusi Aliyebaki Kwenye Kishikwambi

Siku walipokutana, mvua ilinyesha Taipei hadi samaki wa sokoni wakaanza kuulizana njia ya kurudi kwao. Mlangoni mwa duka moja karibu na kituo cha Zhongshan palikuwa na ndoo ya miavuli, yote ya nailoni nyeupe, yote sawa kama mayai ya trei moja. Tu Jui, kijana mrefu mwenye miwani, alitoka na kahawa yake akamkuta msichana mwenye koti la njano na viatu vya mpira vyekundu anafungua mwavuli wake.

"Samahani dada, huo wangu."

"Umeuandika jina?"

"Hapana, lakini..."

"Basi ni wa aliyewahi."

"Wako ule uliovunjika ubavu. Nilikuona ukiingia nao."

"Kumbe ulikuwa unaniangalia mimi, si mwavuli!"

Jui akaingia chini ya mwavuli huo na kahawa yake. Waliondoka chini ya mwavuli mmoja, na mpaka wafike kituoni kahawa ilikuwa imejaa maji na Jui alikuwa hajanywa hata tone.

Msichana aliitwa Kuo Peiling. Kazi yake ilikuwa kupima programu: wenzake wanatengeneza, yeye anazivunja, kisha anawaandikia wapi zimevunjika. Jui alikuwa upande wa watengenezaji, akiandika kurasa za maduka. Walipendana miezi minane. Jui aliweza kuandika mistari elfu kumi ya programu bila kupumzika, ila neno "nakupenda" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kisha Osaka ikamwita Peiling kwa kazi ya miaka miwili. Jibu lilitakiwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

"Niende?" alimuuliza Jui juu ya bakuli la tambi za nyama.

"Ni nafasi nzuri," akasema Jui.

Mpumbavu! Peiling aliziacha tambi zikavimba.

Lakini Jui alikuwa na siri. Alikuwa amemaliza ukurasa wa oda wa duka la keki za uchumba, zile wanazogawiwa jamaa kabla ya harusi, kule mtaa wa Dadaocheng, akajiandikia oda yake mwenyewe. Masanduku sitini. Bwana harusi: Tu Jui. Bibi harusi: akaacha nafasi tupu, ili Peiling aijaze kwa mkono wake. Akamwambia waonane dukani Jumatano, saa sita mchana.

Peiling alifika mapema, akasema anamngoja Jui. Muuzaji, mama mmoja ambaye ulimi wake haujawahi kulala, alimpokea kwa shangwe.

"Wamjua Jui? Huyo ndiye katutengenezea mtambo huu! Naye anaoa, hakukwambia? Tazama oda yake!"

Peiling akatazama kishikwambi. Bwana harusi: Tu Jui. Bibi harusi: Wei Yueh-o.

Jui alifika baada ya robo saa akakuta kiti kitupu na chai inayofuka. Akafungua oda yake: nafasi ya bibi harusi ilikuwa tupu, kama alivyoiacha. Akapiga simu.

"Peiling, mpenzi, mbona umeondoka?"

"Wei Yueh-o ni nani?"

"Simjui!"

"Yuko kwenye oda yako. Masanduku sitini, Jui. Sitini!"

"Hayupo! Ninaitazama sasa hivi, kwangu hakuna mtu."

"Kwangu hakuna, kwangu inafanya kazi. Miaka sita nasikia wimbo huo wa watengenezaji kazini. Sikutegemea kuusikia kwako."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, namba yake ilikuwa imefungiwa.

Jumatano hiyo hakula. Alhamisi aliifungua oda yake kwenye kompyuta yake mara mia mbili, na mara zote mia mbili ikatoka tupu. Alisimama nje ya ofisi ya Peiling. Peiling akapita mbele yake kama anapita nguzo ya umeme. Asingeweza kumwonyesha kosa ambalo yeye mwenyewe hakulipata. Akaanza kushuku kwamba labda kweli anamjua huyo Wei Yueh-o, ila amesahau.

Ijumaa asubuhi, pale pale dukani Zhongshan, alitoka na kahawa akakuta mwavuli wake umechukuliwa. Umeuandika jina? Sauti ile ikampiga kifuani. Akaitupa kahawa, akakimbia na mvua mpaka ofisini.

Ukurasa wake ulikuwa ukizitunza habari ndani ya kishikwambi kwa dakika kumi, ili usizifuate mbali kila mara. Kila habari iliyotunzwa hupewa ufunguo, yaani jina la kuiitia. Ufunguo wa bwana harusi Jui aliuandika vizuri: "bwana-harusi", kisha namba ya oda. Wa bibi harusi aliuandika siku ana njaa: "bibi-harusi", basi. Namba hakuna. Nafasi tupu haikutunzwa; kwa hiyo bibi harusi aliyetangulia kufunguliwa ndiye aliyekuwa mke wa kila mwanamume aliyefuata, mpaka dakika kumi ziishe.

Akamwangukia muuzaji miguuni. Muuzaji akampigia Wei Yueh-o, mteja aliyemhudumia Jumatano kabla ya Peiling, na Wei Yueh-o akampigia Peiling.

"Peiling? Mimi Wei Yueh-o."

"Yule... wa Jui?"

"Ndiye. Njoo dukani tugawane."

"Una ujasiri, dada!"

"Nina ujasiri na magoti mabovu. Njoo haraka."

Saa kumi kamili Peiling aliruka kutoka kwenye teksi, suti nyeusi, nywele kazikaza kama mtu anayekwenda vitani.

"Yuko wapi?"

"Unamtazama," akasema bibi wa miaka sabini na mmoja, nywele kazipaka zambarau. Kando yake alikaa mchumba wake, mzee mtanashati mstaafu wa posta, ambaye, nisiwafiche, ni mimi.

"Bibi yeyote waweza kumwokota mtaani, Jui," Peiling akamwambia Jui, aliyesimama nyuma ya kaunta na muuzaji.

Bibi akatoa kitambulisho. Peiling akakisoma mbele na nyuma, kisha akavuta kishikwambi. Oda ya Jui: tupu. Oda ya bibi, halafu ya Jui: Wei Yueh-o. Akaanza upya. Akafungua ya bwana mmoja wa Taichung: Wei Yueh-o.

"Hongera, bibi. Una waume watatu."

Nikakohoa.

Peiling hakucheka. "Na hii tupu, Jui, kwa nini tupu?"

"Nilitaka uijaze wewe." Jui akatoka nyuma ya kaunta. "Usiende. Au nenda, nitakufuata kila mwezi. Ila usiende ukidhani sikukutaka."

"Kwa nini hukusema kwenye zile tambi?"

"Niliogopa."

Peiling akainua kidole kuandika, kikabaki hewani. "Sijazi. Rekebisha ufunguo kwanza. Sitaki kesho jina langu lionekane na bwana wa Taichung."

Jui akakaa juu ya maboksi na kompyuta mapajani, akifuta na kuandika kila neno mara mbili. Saa kumi na dakika hamsini simu ya Peiling ikalia. Osaka.

"Nipeni dakika kumi," akasema, akakata. Naye tangu Jumatano hakuwa amekula; njaa ikamkumbuka. Akachukua kipande cha keki kwenye sahani ya kuonja.

Bibi akamchapa mkono. "Weka chini! Bibi harusi hali keki za uchumba wake. Akizila, anakula bahati yake!"

"Nani kasema nimekubali?"

"Basi kula."

Jui alikuwa amesimama, kishikwambi mikononi, ufunguo umetengenezwa.

Peiling akaitazama keki. Akamtazama Jui. Akairudisha keki kwenye sahani, akachukua leso, akafuta vidole kimoja kimoja, asije akachafua kioo cha kishikwambi.