Vijiko vya Mama Mkwe

Kijiko kilikuwa kimelowa. Bi Nakshi alikifuta, akakilaza kwenye kitambaa, akachukua uma. Alipokirudia, kilikuwa kimelowa tena, na ute mzito ukavutika kama uzi kukifuata kidole chake.

"Dada, umeviosha leo?" alimuuliza mjane aliyevileta.

"Sijavigusa tangu mama mkwe azikwe. Mawifi wanataka tugawane, nami nataka kujua kwanza ni vya zamani za nani."

Bi Nakshi alikuwa fundi wa vyombo vya kale. Duka lilikuwa moja na la mumewe, fundi saa, kila mmoja na meza yake. Jina la Nakshi alipewa na wateja kwa sababu aliweza kutaja umri wa kijiko kwa kutazama tu nakshi za mpini wake. Hivi vilikuwa na matawi ya mzabibu yaliyojisokota hadi shingoni, mtindo wa enzi za babu zao. Alivigeuza, akavisogezea kioo cha kukuzia. Alama zilizogongwa nyuma zilisema na jingine: si fedha tupu, ni shaba iliyopakwa fedha.

Tatizo lilikuwa kuchakaa kwavyo. Kijiko huchakaa upande mmoja, kwa maana mtu hukitia mdomoni kwa namna moja maisha yake yote. Hivi vilikuwa vimelika pande zote, mpaka mipini. Zabibu za nakshi zilikuwa zimenyonywa zikalainika kama peremende, na kwenye mikunjo ya majani kulikuwa na utando wa njano. Aliukwangua kwa sindano. Ikamjia harufu ya kinywa cha mgonjwa.

"Mama mkwe wako alikuwa anakula navyo?"

Mjane akatupia jicho mlangoni. "Hata siku moja," akanong'ona. "Alikuwa anapakua chakula, anavipanga mezani, anafunga chumba. Tukija kufungua, sahani imelambwa. Tulisema ni paka."

"Paka gani anashika uma?"

"Ndiyo maana nimevitoa nyumbani, dada yangu."

Kesho yake mchana, vijiko vikiwa vimeachwa sandukuni, juu ya rafu, mume na mke walikaa kula wali palepale dukani. Bi Nakshi alitia tonge mdomoni akaganda. Lilikuwa limeshatafunwa. Akalitema kiganjani: uji wa kijivu, vuguvugu, na ndani yake unywele mrefu wa mvi.

"Wali umechacha?" mumewe aliuliza.

"Nyamaza. Sikiliza."

Kutoka kwenye sanduku la vijiko ilisikika sauti ya kulamba, ya polepole, ya mtu anayeona utamu, na kadiri walivyoisikiliza ndivyo ilivyozidi kuwa karibu, ikatoka rafuni, ikapita chini ya meza ya saa, mpaka Bi Nakshi akahisi kitu chenye maji na baridi kikipita kwenye kiganja chake kilichoshika lile tonge, kikirudi, kikipita tena katikati ya vidole, hadi kiganja kikabaki kitupu na safi.

Bi Nakshi alipompelekea habari, mjane akaja na tabibu wa kutoa majini, mwanamke mnene ambaye kila mtu alimwita Shangazi. Alinusa sanduku, akajiziba pua kwa mtandio.

"Amejibanza kati ya fedha na shaba," alisema kwa sauti ya chini. "Kazoea kulishwa, na mlishaji amekufa. Bi Nakshi, fedha hiyo unaweza kuichubua?"

"Naweza. Lakini havitakuwa na thamani tena."

"Visiwe nayo!" mjane akadakia. "Mawifi wagombanie shaba."

"Basi chubua, mimi nisome. Na mfunge vinywa. Anatoka na njaa, asikute mdomo wazi."

Bi Nakshi alivitumbukiza kwenye beseni la dawa. Fedha ikaanza kubanduka kama utando wa maziwa yaliyochemka, na chini ya kila gamba ukachuruzika ute uliobeba makombo ya miaka na miaka, nyuzi za nyama iliyooza, mafuta yaliyoganda, kucha, na vijino vya njano visivyofanana na vya mtu wala mnyama, vikazama na kuibuka huku Shangazi akizidi kupaza kisomo, hadi beseni lenyewe likapiga mbweu, mrefu, wa moto, ukamvaa Bi Nakshi usoni na uvundo wa kila mlo uliowahi kuliwa kwenye kile chumba kilichofungwa. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Hata hivyo alicheua, mdomo ukafunguka mara moja tu, akaufumba haraka.

Shangazi akafunga kisomo. Vijiko vilikuwa vikavu, vyekundu, vyepesi.

"Ametoka," alisema Shangazi. Mjane alilia kwa furaha, akamkumbatia kila mtu.

Jioni, fundi saa alikuwa akikata kitunguu jikoni. Aligeuka akamtazama mkewe aliyeketi mezani, akaweka kisu chini.

"Mke wangu," alisema taratibu, "mbona unatafuna? Hatujapika bado."

Bi Nakshi alitaka kumwambia hana kitu mdomoni. Taya zake hazikusimama. Ndani, ulimi wa baridi, usio wake, ulikuwa ukimlamba meno, jino moja baada ya jingine, bila haraka.