Mbambu na Simu ya Amsterdam

Walikutana Kalerwe, siku soko limejaa mpaka huoni pa kukanyaga, na Otim akakanyaga nyanya za Mbambu. Suruali yake nyeupe ya bugaluu ikaingia madoa mpaka magotini. Badala ya kuomba radhi akacheka. Mbambu, binti wa Kikongo mwenye kitenge cha kijani na ulimi usio na breki, akamtukana mpaka wauza ndizi wakapiga makofi. Basi mapenzi yakaanzia hapo, nani angejua?

Mwaka mmoja baadaye, mwanzoni mwa sabini na saba, ofisi ya maji ikampeleka Otim Uholanzi kwa mafunzo ya wiki mbili. Aliacha ahadi: Alhamisi, saa nne asubuhi, atapiga simu posta. Mbambu alifika saa mbili, akaketi kwenye benchi, moyo mzito. Jana yake watu wenye miwani myeusi, makachero wa serikali, walikwenda nyumbani kwa Otim, Makindye, wakamchukua kaka yake, Ongom. Siku hizo Walangi, watu wa kaskazini kama Otim na kaka yake, walikuwa wakisombwa hivyo hivyo. Makachero wakamwambia jirani kwamba yule ndugu mwingine, Otim, naye wanamngoja. Na sasa bwana mmoja wa miwani kama ile alikuwa ameketi karibu na vibanda vya simu, ameshika gazeti asiloligeuza hata ukurasa.

"Mbambu! Amsterdam, kibanda cha pili!" karani wa posta akaita.

"Mukwano, mpenzi wangu!" Sauti ya Otim ilitoka mbali. "Unanisikia?"

"Nakusikia. Umekula?"

"Viazi tu tangu Jumamosi. Sikia, jana nilipotea! Mimi, mtu wa Kampala!"

"Ulilewa?"

"Wapi! Huku hakuna kilima hata kimoja. Kwetu natazama Namirembe, natazama Rubaga, najua nilipo. Huku nainua macho, ni mapaa na mawingu. Nikafuata mfereji, nikavuka daraja, mfereji mwingine, daraja jingine, yote sura moja. Nimetembea masaa matatu, kumbe nazunguka tu! Nikarudi mbele ya duka lile lile la jibini, muuzaji akanicheka."

"Na mimi nakucheka," alisema Mbambu, na kweli alicheka, machozi yakimlenga.

"Watu wanaishi ndani ya mashua, Mbambu, wametundika na mapazia. Baiskeli zinakupita vuu! Ni kuzuri. Lakini natembea siku nzima, hakuna hata mmoja wa kuniuliza nimeamkaje. Upweke utaniua. Jumapili natua Entebbe, Jumatatu nakwenda kwa baba yako, Kisugu. Nataka kukuoa."

Jamani! Maneno aliyoyasubiri mwaka mzima. Alitamani kupiga kelele za ndiyo, posta nzima isikie. Lakini kumwambia kwamba wanamngoja, mbele ya miwani ile, kungewamaliza wote wawili: yeye angekamatwa papo hapo, naye Otim angerudi kumtafuta.

"Usije, Otim," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nimeshapata mwanaume. Kapteni, wa kambi ya Makindye."

"Acha utani wako."

"Sikutanii. Ana wivu huyo, weee! Jina lako analo, siku ya ndege yako anaijua. Ameapa ukitua tu anakupiga risasi. Kaa huko huko."

Simu ilikoroma.

"Unampenda?"

"Nampenda."

"Haya," alisema Otim taratibu. "Haya, mama." Akakata.

Bwana wa miwani alikuwa anatabasamu Mbambu alipotoka. "Wanawake nyinyi!" akasema, akageuza ukurasa.

Jumapili Mbambu alikwenda Entebbe, akasimama kwenye roshani ya wapokeaji. Chini, kando ya ngazi ya ndege, wanaume wawili wenye miwani myeusi walimkagua kila abiria. Akashuka padri, akashuka mama na kichanga, wakashuka Wazungu wenye kamera. Kisha mhudumu akafunga mlango.

Otim hakuwamo. Mbambu alimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakamgeukia. Halafu akakumbuka kwamba huko aliko, Otim anamchukia, na hakuna barua atakayoweza kumwandikia isifunguliwe. Akakaa sakafuni, akajifunika kitenge usoni, akalia.