Jarida la Wadudu na Ngumi za Kiberiti

Kila Jumamosi asubuhi, Kiberiti alifagia duka la shangazi yake la kuchapa na kutoa nakala, akapangusa mashine, kisha akajitupa mbele ya kompyuta. Jina hilo alipewa na wenzake darasani, na hawakumwonea, maana aliwaka hata kwa kuguswa bega.

Kitu kimoja tu kilimtuliza: Jarida la Wadudu. Liliandikwa na mtafiti mmoja mcheshi na kutumwa bure kwa barua pepe kwa yeyote aliyejiandikisha. Kiberiti alilisoma akicheka peke yake, akajifunza mengi, tena akatuma maswali. Katika toleo lililopita, mtafiti alikuwa ameahidi: "Juma lijalo namjibu msomaji wetu Kiberiti. Kwa nini siafu aking'ata haachii, hata akikatwa kiwiliwili?" Tangu siku hiyo usingizi ulikuwa haba.

Jumamosi ikafika, jarida halikuja. Kiberiti alipekua barua zote mpaka akakuta ujumbe mfupi: "Umejiondoa kwenye orodha yetu. Kwaheri."

"Nimejiondoa? Mimi?"

Damu ilimchemka. Mwingine aliyeitumia kompyuta ile ni binti wa shangazi, aliyeitwa Taratibu kwa sababu hata kufunga kamba za viatu kulimchukua asubuhi nzima. Taratibu alikuwa akilalamika kila mara kwamba wadudu wanamlia zamu yake. Kiberiti hakuhitaji ushahidi mwingine.

Taratibu alikuwa uani akisuuza nguo. Alishtukia kofi limemtua shavuni.

"Umelifuta jarida langu!"

"Jarida gani? Una wazimu?"

Jibu lilikuwa ngumi ya mdomo. Taratibu alionja damu, na upole wake ukaishia hapo. Alimkamata binamu yake nywele, akamvuta hadi chini, akamng'ata mkono. Kiberiti alipiga ukelele, akampiga goti la tumbo. Walibiringika kwenye maji ya sabuni wakiparurana nyuso na kupigana mateke, huku nguo safi zikikanyagwa.

"Niache! Sijui lolote!" Taratibu alilia.

Kiberiti hakumwacha. Alimwinua kwa ukosi wa gauni, akamsukuma kwa nguvu zake zote. Taratibu aliangukia uso kwenye ukingo wa karo la saruji. Miwani yake ilipasuka, kipande cha kioo kikamchana juu ya jicho, damu ikamwagika hadi kifuani. Hapo ndipo Kiberiti alipoogopa.

Shangazi alitoka mbio, akamfunga bintiye kitambaa, akamkimbiza zahanati. Muuguzi alimshona nyuzi kadhaa. "Kioo kingeshuka kidogo tu, jicho lingekwenda," alisema.

Waliporudi, shangazi hakumchapa Kiberiti. Alimkalisha mbele ya kompyuta.

"Mwandikie huyo mtafiti. Muulize imekuwaje. Ulipaswa kuanzia hapo."

Jibu lilikuja jioni, pamoja na toleo alilolikosa. "Je, ulimtumia mtu nakala yako?" mtafiti aliuliza. "Kitufe cha kujiondoa kilicho chini yake ni chako wewe. Mwingine akikibonyeza, unaondolewa wewe."

Kiberiti alikumbuka. Alimtumia mtu mmoja tu, kwa kujivunia jina lake kutajwa. Aligeuka polepole. Shangazi alikuwa amevuta kiti, amekaa.

"Ni mimi," shangazi alisema. "Nilifungua simu nikakuta lile lisiafu limejaa kioo kizima, mwili ukanisisimka. Nikabonyeza pale chini ili lisinijie tena. Nilidhani najiondoa mimi."

Shangazi alimsogezea Kiberiti uso wake.

"Basi mkosaji wako amepatikana. Mbona hunipigi?"

Machozi yalimtoka Kiberiti. Alimgeukia Taratibu, aliyejilaza kitini na bandeji. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Si leo," Taratibu alijibu. "Leo naumwa."

Shangazi alisogea kwenye kompyuta, akamwandikisha Kiberiti upya. Haikumchukua hata dakika.

"Nilikuwa papa hapa dukani, mwanangu," alisema. "Ungeniuliza, tungecheka, yakaisha. Siku nyingine ukipandwa na hasira, uliza kwanza, mikono ikae nyuma. Nami sitabonyeza tena nisichokisoma. Lakini angalia tofauti: kosa langu tumelirekebisha sasa hivi. La kwako mwenzako atalibeba usoni maisha yake yote."